Tahadhari kwa wazee wenzangu: kundi la "tuma nauli" Mombasa na Nairobi

Hii nawaandikia wanaume wa rika langu, tuliopita sitini, tunaopenda wanaume wenzetu na tunaoishi hapa Kenya. Vijana nao wasome, ila wao wana wepesi wa kushtuka. Wanaowindwa ni sisi.

Kuna kundi linazunguka kwenye programu za kukutana, na siku hizi hata kwenye makundi ya WhatsApp ya kuuza viatu vya mtumba. Linatafuta mzee anayeishi peke yake, mwenye pensheni au vyumba viwili vitatu vya kupangisha, mwenye watoto wakubwa na heshima yake msikitini au kanisani. Heshima hiyo ndiyo bidhaa. Wanaiteka, halafu wanakuuzia mwenyewe.

Anaanza kijana mwenye adabu. Shikamoo yake imekamilika, hatumi picha za ajabu, haulizi una nini nyumbani. Kesho yake anakuita babangu na kutaka kujua kama umekula, kama presha imetulia. Kisha inakuja nauli. Ni hela ndogo, mia tatu, "na ya kutolea mzee wangu". Watu hudhani huo ndio utapeli wenyewe, kula nauli na kupotea, na wanaucheka. Mla nauli wa kawaida ana afadhali, maana akishakula haonekani tena. Huyu wa kundi anakuja kweli, na ile mia tatu haikuwa ya matatu. Ilikuwa ya kupata jina lako halisi, lile linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa. Kwa jina hilo wanaingia Facebook, wanawaona wanao, wanaona picha za harusi ya bintiyo na ni nani aliyesimama karibu nawe. Ukifungua mlango, wao wameshakujua ukoo mzima.

Na wewe pia simu inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Mara nyingi ni jina la mwanamke, na jibu liko tayari: "Ni laini ya dadangu." Simama hapo hapo. Mtu anayekuja kuketi sebuleni kwako na hana laini yenye jina lake, muage kwa heri.

Mwenzetu mmoja, mstaafu wa bandarini, mkewe alishafariki, alimkaribisha kijana wa namna hiyo. Chai ilikuwa haijapoa mlango ukagongwa. Waliingia watatu. Mmoja alikuwa na pingu kiunoni na sweta ya rangi ya bluu, akajiita afisa. Mwingine alisema ni kakake yule kijana, na kwamba mdogo wake ana miaka kumi na sita. Kijana mwenyewe akaanza kulia papo hapo, kilio kilichofanyiwa mazoezi. Kabla neno la pesa halijatajwa, afisa alimvua mzee miwani akaishika mkononi. Halafu wakamwambia afungue simu. Fikirieni hilo. Bila miwani mwenzetu hawezi kusoma hata tarehe ukutani, ndiyo hawa wanabonyeza, wanamwelekeza kidole, wanamwambia weka namba ya siri, na kiasi kinachoondoka hakioni. Walimaliza salio, wakaingia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likiisha, wakaingia kwenye mkopo wa simu aliokuwa hajawahi kuutumia. Ilipoisha ilikuwa karibu laki na nusu. Wakati wa kutoka ndipo alipoona, kwa ukungu ukungu, kwamba afisa amevaa champali. Askari gani huyo wa kwenda kukamata watu na champali?

Yaliyofuata ndiyo yaliyommaliza. Wiki ile ile alipigiwa simu na "mkubwa wa kituo" akitaka pesa za kufunga faili. Alipolipa, akapigiwa na "wakili" aliyesikia habari zake na kutaka ada ya kuzuia video isisambae. Alipokwama, akatokea mtu wa tatu, mpole kupita wote, anayejua namna ya kurudisha pesa zilizoibwa, mradi utangulize elfu tano. Sauti tatu, kundi ni lile lile. Nawasihi mulikariri hili: anayekuja kukuokoa bila wewe kumwita ametumwa na aliyekuzamisha.

Nairobi mtindo unatofautiana kidogo. Huko hupenda mkutane kwenye nyumba za kukodi kwa siku, ambazo kijana ndiye aliyezichagua, na kuna habari za wazee kutiliwa mchele, yaani dawa ya kulevya, kwenye kinywaji. Kuna pia ule wa video: anakupigia usiku, anakushawishi uvue shati, anarekodi, na asubuhi unatumiwa kipande chako pamoja na orodha ya majina ya wanao. Kwa huu wa video wala hahitaji kuwa Kenya.

Kwa nini mbinu hii haichakai? Kwa sababu mtaji wake umewekwa na sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, cha ngono ya "kinyume cha maumbile", kinataja miaka 14 jela, cha 165, cha "uchafu" baina ya wanaume, kinataja mitano, na matapeli hawa wanavijua kwa nambari kuliko mahakimu. Kile cha 165 ukoo wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1885. Ilipopitishwa tu, Waingereza wenyewe waliibatiza jina la hati ya watoza pesa kwa vitisho, maana waliona nani atakayeneemeka nayo. Wao wakaifuta kwa watu wazima faraghani mwaka 1967, angalau Uingereza yenyewe na Wales. Sisi tuliletewa na wakoloni na tumeitunza vizuri kuliko walioileta. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kuviondoa vifungu hivyo, na siku hiyo wazee wengi tulizima redio tukaenda kulala mapema.

Lakini jueni na upande wa pili, maana hawa hawawasomei kurasa zote. Hakuna kifungu katika Kanuni hiyo kinachosema kwamba mtu kuwa shoga ni kosa. Kinachoshtakiwa ni tendo, au jaribio la tendo, na linatakiwa kuthibitishwa. Ule udhalilishaji wa kupelekwa hospitali kukaguliwa mwili, Mahakama ya Rufani hapa Mombasa iliuharamisha Machi 2018. Askari wa kweli akikukamata, Katiba kifungu cha 49 inamlazimu akwambie sababu, akuache uwasiliane na wakili, na akufikishe mahakamani ndani ya saa 24. Atakupeleka kituoni na jina lako litaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Hatakupeleka kwenye ATM. Na kudai mali kwa vitisho ni kosa katika Kanuni ile ile wanayoipeperusha mbele ya macho yako. Kusambaza picha za siri za mtu nako, chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, ni faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili.

Sasa najua maneno yatakayokuja, maana nimeshayasikia barazani: dawa ni kuacha kulipia vijana, mzee mzima huna haya. Hapa naomba tusikilizane.

Mimi sioni aibu kwa mtu mzima kumlipa mtu mzima mwenzake aje wale pamoja, wazungumze, na yatakayofuata ni yao. Pwani hii pesa na zawadi zilikuwepo kwenye mapenzi ya wanaume kabla sijazaliwa, na kwenye mapenzi ya wanaume na wanawake pia, ila hayo huitwa matunzo na hakuna anayeyakemea. Ujanani mwangu kijana ulimwona kwenye harusi, taarabu inapigwa, na kulikuwa na kuwadi, mara nyingi mama mtu mzima mwenye ulimi wa asali, aliyejua huyu ni mtoto wa nani na anakaa nyumba gani. Ulitoa kikoi, viatu, karo ya mdogo wake. Yule mama alikula upande wake, na sikatai, alikuwa mkali wa bei. Lakini jina lake lilikuwa rehani. Ukidhulumiwa ulirudi kwake, na kijana akileta fujo hakuitwa tena nyumba yoyote mjini. Kisha ikaja miaka ya watalii wa Kijerumani ufukweni Bamburi na bei zikageuka. Kisha ukaja ugonjwa, ukatuchukulia marafiki mmoja mmoja, wale ambao leo ndio tungekuwa tunapiga nao soga jioni. Nusu ya upweke huu wanaouvuna matapeli ulianzia makaburini.

Programu ya simu imemwondoa kuwadi, na hakuna aliyewekwa mahali pake. Hakuna wa kumrudia. Picha si yake, jina si lake, laini ni ya "dada".

Kwa hiyo ushauri wangu hautawapendeza wacha Mungu. Kijana anayekutajia bei yake waziwazi, kiasi hiki na saa fulani nitaondoka, huyo simwogopi sana. Ni mfanyabiashara, anataka urudi. Ninayemwogopa ni asiyetaja bei. Yule anayesema nakupenda babangu kabla hamjaonana, anayekataa pesa mara ya kwanza kwa madaha, anayejifanya hajui watu wanalipana. Bei yake ipo, na ataitaja mbele ya mashahidi.

Na hao vijana siwatii wote kapu moja. Nawajua walioanza kama sisi, wakafukuzwa nyumbani, wakaokotwa na hawa mabwana wenye sweta na kuambiwa lala kwetu, kazi yako kugonga mlango na kulia. Wengine nao wameshatishiwa kwa video zao wenyewe. Hilo halifanyi niwafungulie, lakini sitaki kusikia mtu hapa akisema wachomwe moto.

Mambo ya kufanya ni haya. Kutaneni kwanza mahali pa watu, mchana, mgahawa wowote wenye meza nje, na aje na kitambulisho. Kama hajafika miaka 18, au huna hakika, lipa chai uondoke, na hili halina mjadala. Mtu mmoja ajue uko wapi na nani. Usiweke pesa zako zote kwenye simu: tangu 2023 akaunti ya M-Pesa hubeba hadi 500,000 na muamala mmoja hufika 250,000, kwa hiyo dakika tano bila miwani zinatosha kukumaliza. Wengine hapa tunapokea wageni na ile simu ndogo ya mulika mwizi tu, ile kubwa imefungiwa kabatini.

Wakishakuingilia, lengo ni utoke mzima, basi wape wanachotaka wakati ule. Wakishaondoka, usilipe tena hata shilingi. Anayelipa mara ya pili amejiandikisha. Ujumbe wote wa M-Pesa uhifadhi, picha za mazungumzo uzihifadhi, na uwapigie kampuni ya simu mara moja, usingoje asubuhi, maana pesa ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Usikimbilie kituo cha polisi peke yako. Pitia kwanza kwa watu wenye mawakili, kama NGLHRC pale Nairobi, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, wale ambao Mahakama ya Juu mwaka 2023 iliamua wana haki ya kusajiliwa. Mombasa pia kuna mashirika yetu yanayojua ni kituo kipi na ni afisa yupi wa kuendewa.

Na lililo gumu kuliko yote: mwambie mtu wa nyumbani kabla wao hawajamwambia. Mmoja tu. Dada, mtoto unayemwamini, binamu. Mwenzetu yule wa bandarini alipochoka kulipa alimpigia mwanawe wa kike aliye Nairobi, akamweleza kwa mafumbo. Binti akanyamaza kidogo, akasema, "Baba, najua tangu nikiwa darasa la saba. Wamechukua kiasi gani?" Yeye ndiye aliyepokea simu iliyofuata ya "mkubwa wa kituo". Alimuuliza jina, cheo, nambari ya OB na kituo, akamwambia anaandika. Haikupigwa tena.

Nimeombwa nibandike hapa nambari za simu na picha ya kijana. Sitafanya hivyo. Laini zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote, na picha ile nimeambiwa ni ya mchezaji mpira wa nchi nyingine kabisa. Anayetaka kujua mtindo wao kwa undani zaidi, au aliyepata simu ya "wakili" wiki hizi mbili, aniandikie kando bila kutaja jina lake. Tunalinganisha maneno wanayotumia, na wakili mmoja amekubali kutusomea.