Haradali ya unga: kitu kizuri, maelezo ya kopo yanaiua

"Koroga na maji yanayochemka, tumia papo hapo." Hayo ndiyo maelezo yaliyo mgongoni mwa kopo la haradali ya unga nililonunua hivi karibuni. Niliyafuata kama yalivyo, nikaambulia ujiuji mchungu usio na ukali hata chembe.

Mtengenezaji wa haradali anaandikaje kitu kama hicho? Punje nzima ya haradali haiwashi. Ukali huzaliwa punje ikishasagwa na kukutana na maji: kimeng'enya cha mirosinasi huanza kazi, yakatoka yale mafuta yanayopanda puani. Maji yanayochemka hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya lolote. Unga huo unataka maji baridi na subira ya dakika 10 hivi, na siki baadaye ili ukali usipotee upesi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa. Jibu likaja: "Ndugu mteja, haradali ni haradali. Ukitaka ukali, nunua pilipili."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na mpaka sasa haijashuka. Haradali ni haradali? Mbegu nyeupe, ambazo kwa macho ni za njano hafifu, ukali wake ni mpole na hukaa ulimini. Ndizo zinazotengeneza haradali laini ya Marekani, ile inayong'aa kwa sababu imetiwa manjano. Mbegu za kahawia na nyeusi ndizo zinazopasua pua. Ile ya Dijon, kule Ufaransa, hutokana na mbegu kali kama hizo, na mwaka 1856 Jean Naigeon aliacha siki akatumia maji ya zabibu mbichi, ladha ikatulia. Kuna na ile ya punje zilizopondwa nusu, unazitafuna zikipasuka. Ukimpa mpishi moja badala ya nyingine, umemharibia mchuzi. Na pilipili inaingiaje hapa? Pilipili huchoma ulimi na kung'ang'ania. Haradali hupanda puani kwa mvuke, ikakutoa machozi, ikaondoka. Anayeuza haradali halafu hajui hilo, anauza nini?

Sasa niseme haki. Unga wenyewe, nilipoukoroga kwa maji baridi na kuuacha utulie, ulikuwa mtamu ajabu. Mkali, safi, unafungua pua hadi kwenye paji la uso. Niliutia kwenye mchuzi mzito baada ya kuepua, maana moto mrefu hupoteza ukali, na mchuzi ukachangamka. Kwenye kachumbari ya majani uliyashika mafuta na siki yasitengane. Nilikuwa nimeandika nyota moja, nikafuta, nikaweka nne. Bidhaa haina kosa.

Lakini kila nikiliangalia kopo, roho inachafuka. Ni wangapi wamekoroga na maji ya moto, wakaonja uchungu ule, wakautupa unga mzuri na kuapa kwamba haradali hawaitaki tena? Niliwaeleza kosa liko wapi, nikawaambia na dawa yake, wakanituma kwenye pilipili. Basi nyota nne nazirudisha. Nyota mbili, zote za unga, na zitabaki hivyo hadi siku nitakapoona "maji baridi" yamechapishwa mgongoni mwa kopo hilo.