Dikoda ya CFEC kwenye moduli za 400ZR: inapofaa na inapogoma

Wengi hununua moduli ya 400ZR, kifaa kinachochomekwa kwenye rauta na kutuma gigabiti 400 kwa sekunde kwa mwanga kwenye faiba, kwa kuangalia umbali na bei. Kinachoamua kama itakaa au itasumbua ni dikoda ya CFEC, msimbo wa kusahihisha wenye hatua mbili, iliyo ndani yake, ile inayosahihisha makosa ya biti kabla data haijafika kwenye rauta. Vipimo vya OIF, shirika linaloweka viwango vya mitandao ya mwanga, vya mwaka 2020 vinaitaka ipokee makosa ya hadi 1.25×10⁻², yaani biti moja mbovu katika kila 80, na itoe data yenye kiwango cha makosa kisichozidi 10⁻¹⁵. Laini yenyewe inabeba karibu gigabiti 479 kwa sekunde, kwa hiyo pale kikomoni dikoda inarekebisha takribani makosa bilioni 6 kila sekunde. Kinachopita, kwenye gigabiti 400 za data halisi, ni wastani wa kosa moja kila dakika 42. Kwa biti za ulinzi zilizoongeza asilimia 14.8 tu na moduli inayokula takribani wati 15, hii ni kazi safi sana.

Inafanyaje? Kwa hatua mbili. Ya kwanza ni msimbo wa Hamming (128,119): kila biti 119 za data zinasindikizwa na 9 za ulinzi, na kila biti inaingia ikiwa na alama ya uhakika wake. Dikoda huchukua biti chache inazozitilia shaka zaidi, inazigeuza kwa michanganyiko mbalimbali, inajaribu kusahihisha kila mchanganyiko, kisha inachagua jibu lililo karibu zaidi na mawimbi yaliyopokelewa. Hatua hii haimalizi makosa, ila inayashusha hadi chini ya takribani 4.5×10⁻³, kiwango ambacho hatua ya pili inakimudu. Katikati kuna kichanganyaji kinachotawanya makosa yaliyorundikana.

Hatua ya pili ni msimbo wa ngazi, na hapa ndipo penye uzuri wenyewe. Kila biti imelindwa mara mbili, mara moja kwenye safu mlalo na mara moja kwenye safu wima ya kitalu kinachofuata. Kila safu inaweza kurekebisha makosa 3. Safu mlalo ikishindwa, safu wima huenda zikaondoa kosa moja au mawili, na mzunguko unaofuata ile safu mlalo inafunguka. Ili dikoda ikwame kabisa, makosa lazima yakae kwenye makutano ya angalau safu mlalo 4 na safu wima 4, biti 16 kwa mpangilio huo huo. Ni nadra mno, na ndiyo maana msimbo huu unashuka hadi 10⁻¹⁵ bila kuganda njiani.

Udhaifu wake ni kwamba hautoi onyo. Makosa yakizidi kikomo, hatua ya kwanza inaanza kusahihisha vibaya, ya pili inazidiwa, na laini iliyokuwa safi inakatika kwa tofauti ya sehemu ndogo ya desibeli. Anayesubiri kuona makosa yaliyoshindikana kusahihishwa amechelewa. Soma BER (kiwango cha makosa ya biti) ya kabla ya kusahihishwa. Ikisoma 1×10⁻³, kuna akiba ya takribani desibeli 2.8 kwenye kipimo cha Q, yaani ubora wa mawimbi. Kwenye 4×10⁻³ imebaki kama 1.5. Kwenye 1×10⁻² ni kama 0.3, na laini ya namna hiyo haifai kukabidhiwa kwa mteja hata kama haipotezi pakiti hata moja. Iache saa 24, kisha angalia thamani ya juu kabisa iliyorekodiwa pamoja na wastani, kwa sababu wastani unaficha miruko ya polaraizesheni, yaani mwelekeo wa mawimbi ya mwanga unapobadilika ghafla.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuchanganya kaunta za makosa. Upande wa rauta kuna msimbo mwingine, RS(544,514), unaorekebisha alama 15 zenye biti 10 kila moja. Kaunta hiyo ikipanda huku ya upande wa faiba imetulia, usiguse faiba: chomoa moduli, kagua mguso wake na soketi, ijaribu kwenye mlango mwingine. Ikipanda ya upande wa faiba, anza na ncha za konekta kwa hadubini na kuzisafisha, halafu nguvu ya mwanga inayopokelewa, halafu OSNR (uwiano wa mawimbi na kelele). Kwenye laini yenye amplifaya, 400ZR inataka OSNR ya 26 dB. Bila amplifaya bajeti nzima ya upotevu ni 11 dB, na konekta moja chafu inaila upesi.

Je, ununue hii au ile yenye oFEC, msimbo mwingine wenye nguvu zaidi? Kwa laini ya moja kwa moja ya kilomita 80 hadi 120, CFEC inatosha na hakuna sababu ya kulipia zaidi. Njia ikipita kwenye ROADM kadhaa (vifaa vinavyoelekeza rangi za mwanga njiani), chagua oFEC. Kikomo chake ni 2.0×10⁻², takribani desibeli 0.75 zaidi kwenye Q, kwa asilimia 15.3 za ulinzi. Inapata ziada hiyo kwa kurudia mara tatu usahihishaji wa uamuzi laini, ule unaotumia alama za uhakika wa biti, kwa hiyo inakula umeme zaidi, na mlango wa rauta lazima uimudu kwa umeme na kwa upozaji. Hata hivyo, hakuna dikoda itakayookoa mawimbi ya karibu gigabodi 60 (alama bilioni 60 kwa sekunde) yaliyokatwa kingo na kichujio cha GHz 50. Tafuta nafasi ya GHz 75 au 100.

Ukichanganya moduli hizo mbili, hakikisha ncha zote zimewekwa kwenye hali ile ile. Upande mmoja ukiwa CFEC na mwingine oFEC, nguvu ya mwanga itasomeka vizuri pande zote mbili na laini haitaunganika.