Mtumbwi wa kuangalia ndege Luchelele: muhimu ni nahodha anayezima injini

Ukitafuta mtu wa kukupeleka kupiga picha za ndege wa majini hapa Mwanza, usianze kwa kuuliza ukubwa wa boti. Uliza kama nahodha atakubali kuzima injini. Boti nyingi za kukodi mjini ni za matembezi: mwendo mkali, muziki juu, na furukombe, yule tai mla samaki, anahama mti kabla hujainua kamera. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ni pazuri kwa mawe na pimbi, lakini mimi nilitaka ndege wa kwenye mafunjo, yale matete marefu ya majini.

Nahodha niliyempata Luchelele, hapa hapa Mwanza, ni mvuvi wa dagaa, ana mtumbwi wa mbao na injini ndogo. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi ziwa likiwa limetulia. Mchana upepo ukianza, lenzi ndefu haishikiki. Mbali kidogo na mafunjo alizima injini, akashika pondo, akawa anasukuma taratibu bila kugonga ubavu wa mtumbwi. Hapo tu hela yangu ilikuwa imerudi.

Kwenye mayungiyungi tulimkuta sile-maua, yule ndege wa kahawia anayetembea juu ya majani. Nahodha akaninong'oneza, "Subiri dada, huyo ana watoto." Sikuona mtoto hata mmoja. Tukatulia. Ndege akachuchumaa, akafungua mbawa kidogo, akainuka tena, na chini ya mbawa vikawa vinaning'inia vidole vingine, vyembamba kama nyuzi: vifaranga kawabeba kwapani! Na huyo ni baba. Kwa sile-maua dume ndiye anayeatamia na kulea, jike huenda kutafuta dume mwingine. Nilipiga kwa lenzi ya milimita 400, kasi ya 1/1600, na kucha za wale watoto zinahesabika.

Mnandi walikuwa wamejaa kwenye mawe wakianika mbawa, na mdiria weusi kwa weupe wakipigapiga mbawa hewani papo hapo kabla ya kujitupa majini. Kila mara nahodha aligeuza mtumbwi jua libaki mgongoni kwangu, bila kuambiwa. Wapo wanaorusha samaki ili furukombe ashuke mbele ya kamera. Yeye hafanyi hivyo, na namuunga mkono kabisa. Ndege akizoea kulishwa hufuata kila chombo, hadi kwenye nyavu.

Jaketi okozi zipo na lazima uvae, ila ni kubwa, zinabana mkono wa kamera. Kivuli hakuna, njoo na kofia. Nililipa shilingi 60,000 kwa mtumbwi mzima mpaka saa nne. Nendeni wawili, maana mbele hapatoshi watatu kupiga picha bila kuzibana.

Panga siku za mbalamwezi. Usiku wa giza nahodha anakuwa ziwani akivua dagaa kwa taa zake za karabai, na asubuhi humpati.