Taj Mahal: Alfajiri au Alasiri?

Kwa mtu wa Lindi aliyezoea Kilwa Kisiwani, ambako unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko na kuuzunguka Msikiti Mkuu pengine bila kupishana na mtu, umati wa Taj Mahal, lile kaburi la marumaru lenye kuba mjini Agra, India, unashtua. Ndiyo maana saa ya kuingia inafaa kupangwa mapema, pamoja na tiketi ya ndege.

Anayechagua alfajiri hulazimika kulala Agra, kwa kuwa malango hufunguliwa takribani nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Gharama ya chumba inaongezeka, lakini anaiona marumaru ikiwa ya kijivu, kisha ya waridi, kisha nyeupe kabisa, na anaweza kusogeza uso karibu na ukuta akayatazama maua ya vito vilivyopachikwa ndani ya jiwe bila kusukumwa mgongoni. Desemba na Januari, hata hivyo, ukungu huweza kulifunika kuba lote.

Alasiri inamfaa anayetoka Delhi asubuhi kwa treni na kurudi siku hiyohiyo, hasa ndugu aliyemsindikiza mgonjwa India ambaye hawezi kukaa mbali na hospitali. Foleni ni ndefu, na mwezi wa Mei joto huweza kuvuka nyuzi 40. Joto letu la Mtwara angalau lina upepo wa bahari.

Mimi ningelala Agra, ila usiwe usiku wa kuamkia Ijumaa, kwani siku hiyo watalii hawaingii.