Nyaraka za familia za enzi ya Wanazi: zibaki nyumbani au zikabidhiwe makavazi?

Familia nyingi za Kiyahudi zilizokimbia Ujerumani zilibakiwa na vitu vichache tu: pasipoti yenye herufi J nyekundu (ya Jude, yaani Myahudi), iliyoanza kugongwa mwaka 1938, barua kadhaa, na pengine nishani ya babu aliyeipigania Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, nchi ileile iliyokuja kumvua uraia.

Vikibaki nyumbani, wajukuu huvishika na kuuliza maswali, na anayewajibu ni mtu aliyesimuliwa na mwenye vitu hivyo. Hata hivyo, karatasi nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa rojo la mbao lenye asidi, ndiyo maana hugeuka manjano na kukatika kwenye mikunjo. Joto na unyevu huziharibu upesi zaidi, na selotepu, ambayo wengi huibandika kwa nia njema, huacha madoa yasiyotoka. Mwenye kuzitunza hana budi kuondoa pini zenye kutu na kutumia majalada yasiyo na asidi.

Makavazi kama Yad Vashem ya Yerusalemu, inayohifadhi kumbukumbu za mauaji ya halaiki ya Wayahudi, au Taasisi ya Leo Baeck ya historia ya Wayahudi wa Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1955, yana uangalizi wa kitaalamu, na mtafiti anaweza kuilinganisha barua yako na nyingine za mji uleule. Lakini kwa kawaida utasaini hati ya kuhamisha umiliki.

Mimi ningekabidhi karatasi, baada ya kuziskani pande zote mbili pamoja na bahasha na mihuri yake (mara nyingi tarehe iko hapo tu), kisha nishani ningeibakiza, mradi nakala ya cheti chake ikae nayo.