Inhela mbili na spesa: uzoefu wangu wa kuishi na pumu Dodoma

Mimi ni mama lishe pale Sabasaba na pumu ninayo miaka mingi. Moshi wa mkaa mchana kutwa, halafu vumbi la kiangazi la Dodoma mpaka mvua zianze Desemba, kifua hakipati likizo. Natumia inhela mbili, ya buluu (salbutamoli) na ya kahawia (beklometasoni). Rangi hubadilika kwa kampuni, kwa hiyo soma jina.

Ya buluu haina ubishi. Pumzi ikibana unavuta, dakika chache kifua kimefunguka, na nguvu yake hukaa saa nne hadi sita. Karaha yake ni mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio. Kummiminia mteja chai inakuwa mtihani. Halafu inalegeza misuli tu. Uvimbe ulioko kwenye njia ya hewa inauacha palepale.

Huo uvimbe ni kazi ya ya kahawia. Unavuta asubuhi na jioni, hata siku unajisikia mzima, na usitegemee kitu leo wala kesho. Inataka siku kadhaa, hata wiki. Wengi wanaishia hapo na kusema ni feki. Mimi nilianza kuona tofauti usiku: zamani kikohozi kilikuwa kinaniamsha, nakaa nimeinama kitandani nikitafuta hewa. Sasa hivi nalala mpaka muda wa kwenda kuwasha jiko.

Spesa nayo, chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, isidharauliwe. Ukipuliza dawa moja kwa moja mdomoni, nyingi inaishia kwenye ulimi na koo. Ukiwa na hicho chombo cha plastiki, unatikisa inhela, unachomeka, unapuliza mara moja, unavuta polepole na kubana pumzi mpaka uhesabu kumi. Nesi aliyenifundisha alikuwa akiniambia, "Taratibu mama, hakuna anayekukimbiza." Kama hela ya spesa haipo, muulize nesi kuhusu chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni, Afrika Kusini waliipima kwa watoto ikalingana na ya kununua. Kuosha ni kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, dawa inanata kwenye plastiki. Kwa vumbi letu hili, mimi naianika chini ya kawa.

Baada ya ya kahawia sukutua mdomo uteme, la sivyo utapata utando mweupe ulimini na sauti kukwaruza, na mimi biashara yangu ni kuita watu.

Kujua kama inhela imeisha, achana na habari za kuielesha kwenye maji, inadanganya. Yangu ina mipulizo 200; miwili asubuhi, miwili jioni, ni siku 50. Naandika tarehe kwenye kopo.

Kinachoniudhi ni upatikanaji. Ya buluu iko kila duka, ya kahawia mpaka uitafute. Muuzaji mmoja aliniambia nichukue za buluu mbili, eti ni zilezile. Si zilezile! Ukiona unaihitaji ya buluu kila siku, rudi kwa daktari. Na ukiwa umevuta lakini bado huwezi kumaliza sentensi, usisubiri kukuche, nenda hospitali.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa siku nitakayoikuta ya kahawia bila kuzunguka mji mzima na bodaboda.