Mazoezi ya kumbukumbu ya nyumbani, Tanga mjini: tulivyoyaona kwa baba

Baba ni fundi cherehani, Ngamiani wanamjua. Baada ya kiharusi mkono umerudi, mguu unavuta kidogo, ila kumbukumbu ndiyo imegoma. Mishono ya zamani anayo yote kichwani. Kama kameza dawa asubuhi hii, hajui. Daktari alitueleza kwamba presha ya miaka mingi imeharibu mishipa midogo ya ubongo, na sehemu iliyokufa haifufuki kwa mazoezi. Ndipo tukaelekezwa kwa dada mmoja anayefuata wagonjwa majumbani kuwafanyisha mazoezi ya kumbukumbu.

Alipofika hakutoa picha wala mafumbo. Alisema "Shikamoo fundi", kisha akaomba daftari la presha na kuuliza nani anamsimamia dawa. Presha isipotulia, alisema, kiharusi kingine kitakuja kubeba hata hiki tutakachokipata. Nilimwamini hapo hapo.

Anachagua jambo moja tu linalowasumbua. Kwetu lilikuwa dawa.

"Fundi, dawa zako zinakaa wapi?"

"Kwenye droo ya cherehani."

Na baba anainuka, anavuta droo, anashika kopo. Anaulizwa tena baada ya nusu dakika, kisha dakika moja, mbili, nne, nane. Katikati wanapiga soga za vitambaa. Akikwama haachwi akisie. Anapewa jibu, analisema, wanarudi kwenye muda aliokuwa ameuweza. Ina sababu: mwenye kumbukumbu dhaifu akibahatisha vibaya, lile kosa ndilo linalomkaa, naye hakumbuki kwamba lilikuwa kosa. Baddeley na Wilson, watafiti wa kumbukumbu wa Uingereza, waliandika juu ya hilo mwaka 1994.

Siku hizi akimaliza chai anavuta droo mwenyewe. Mama bado anahakikisha, lakini ugomvi wa kila asubuhi umekwisha, na kwangu hilo linalipa gharama yote.

Kabla yake tulilipia programu ya michezo ya kwenye simu. Baba akawa hodari wa kulinganisha picha, na habari ya dawa ikabaki palepale. Sitairudia.

Kasoro zipo. Kikao ni shilingi 20,000, unalipa kwanza. Mwanzoni alikuwa anakaa saa nzima, na ugonjwa huu hupunguza kasi ya kufikiri na umakini. Nusu saa ikipita baba alikuwa anatazama ukuta tu. Tuliposema, akapunguza. Lililoniudhi zaidi ni kwamba mama hakuelekezwa tangu mwanzo, akawa anamsukuma mumewe, "Hebu kumbuka, jana nilikwambia nini?", kinyume kabisa cha kinachofundishwa.

Majina ya wageni bado yanampotea, na harusi ya binamu yangu anaiuliza kila wiki. Dada hakutuahidi hayo. Ukimhitaji, omba nafasi ya asubuhi mgonjwa akiwa hajachoka, na anayeshinda naye nyumbani akae pembeni na daftari tangu kikao cha kwanza.